Kusaka Mawe ya Rangi Singida: Kutoka Dodoma Hadi Kindai na Singidani

Kwa mtu anayeishi Dodoma na kupenda mawe ya ufukweni, ramani ina njia tatu. Ya kwanza inashuka kusini hadi Mtera, karibu nusu ya njia ya Iringa. Ya pili inakwenda magharibi kupitia Bahi na Manyoni, kisha inapanda hadi Singida, mji wenye maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Ya tatu ni ndefu, zaidi ya kilomita 700, kupitia Iringa, Mbeya na Tukuyu hadi Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Mimi na mpwa wangu wa darasa la sita tuliziandika zote kwenye daftari, tukaanza kuzichambua jioni baada ya jioni.

Mtera tuliitoa mapema. Ni bwawa, lililojengwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, na maji yalipojaa yalifunika tambarare ya udongo na miti. Ukingo wake ni tope na visiki, na humo mna viboko na mamba. Mtoto aliyeinama kuokota mawe haangalii nyuma yake.

Matema ndiko moyo wangu ulikovutwa. Milima ya Livingstone inashuka mpaka majini, mvua inaporomosha vipande vya miamba, na mawimbi ya Nyasa, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, yanavisugua mwaka hadi mwaka mpaka vinakuwa laini mkononi. Lakini hiyo ni safari ya likizo ndefu, nasi tulikuwa na mapumziko mafupi ya Septemba. Basi ikawa Singida.

Katika kufundisha jiografia nimekuwa nikirudia jambo moja darasani: ufukwe hauzai mawe, unayapokea. Rangi unayoiokota kando ya maji ilitoka kwenye mwamba wa juu, ikashushwa na korongo, ikasuguliwa na wimbi. Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu ya mafuta, uliza kwanza ziwa lile limezungukwa na miamba gani, na mawimbi yake yana nguvu kiasi gani. Maswali hayo mawili yanakuambia utarudi na nini kuliko picha yoyote ya kwenye simu.

Singida imekaa juu ya mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na sehemu kubwa yake ni itale, au granaiti kama wengi tunavyoiita. Itale ni mchanganyiko: mna kwatzi, nyeupe au ya kijivu, mna feldispa, ya rangi ya maziwa au ya waridi, na mna ulanga, vipande vyembamba vyeusi vinavyometameta juani. Hizo ndizo rangi za kutarajia. Kuhusu umbo, Singidani na Kindai ni maziwa madogo, na wimbi la ziwa dogo halina nguvu ya kuviringisha jiwe gumu. Nilimwambia mpwa wangu mapema kwamba mawe yetu yatakuwa na pembe, ili asiende akitafuta mayai ya rangi kama yale aliyoyaona kwenye video za ng'ambo.

Yeye alitaka kijani. Alishaona krisopresi ya Haneti, kaskazini mwa Dodoma, jiwe la jamii ya kalsedoni, yaani kwatzi ya chembe ndogo mno, ambalo nikeli imelipa rangi ya kijani kibichi, na hakuelewa kwa nini tusipite tu huko na ndoo yetu. Nilimweleza taratibu. Madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka anayechimba awe na leseni, na eneo la mwenye leseni haliingiliwi kwa kisingizio cha kuokota. Anayetaka krisopresi aende kwa mfanyabiashara mwenye kibali, anunue kipande chake na kupewa risiti. Sisi tulikuwa tunaendea changarawe za ukingoni, chache, za kuweka dirishani. Hata hizo nilipanga kupita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa kujitambulisha na kuomba ruhusa, na niliona inafaa: wenyeji wanapojua watu wanaoinama kando ya ziwa lao wanatafuta nini, wanakuwa wa kwanza kuwaelekeza.

Majira ndiyo yaliyonipa matumaini zaidi. Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Maziwa ya Singida hayana mto unaoyatoa maji kuyapeleka baharini, kwa hiyo kiangazi jua na upepo huyapunguza polepole, na ukanda uliokuwa chini ya maji unabaki wazi. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kwenda. Ukienda Machi utakanyaga tope.

Vifaa vyetu vilikuwa vya nyumbani. Trei za mayai za karatasi za kupangia mawe yasigongane, beseni, mswaki uliochakaa, madumu ya maji ya bomba, chupa tupu ya kioo, na siki kidogo. Chupa ni ya kupimia ugumu: kwatzi huchora kioo, jiwe la chokaa halichori. Siki nayo ukiidondoshea chokaa inatoa povu, ukiidondoshea kwatzi inabaki ilivyo. Mtoto akishajua vipimo hivyo viwili hamwulizi tena mtu mzima kila baada ya hatua. Shemeji yangu, mwenye gari, aliongeza sharti lake: ndoo moja tu, kwa sababu ndoo ya lita 20 ikijaa mawe inafika kilo 30 hivi, na springi za nyuma alikuwa amezibadilisha majuzi.

Tuliondoka kabla jua halijachomoza. Kutoka Dodoma hadi Singida ni takriban kilomita 240 za lami, ila usidanganyike na ulaini wa barabara. Vijijini mwendo ni 50, na tochi za trafiki zipo. Baada ya Nala mibuyu inasimama wazi, bila jani, kisha nchi inashuka kuelekea Bahi, bonde la mpunga ambako Mto Bubu unamwaga maji yake. Kintinku tulisimama kwa chai. Mama aliyetuuzia vitumbua tulimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akacheka kwa furaha na kutuongezea kimoja.

Mbele ya Kintinku barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, na hapo nilimwomba shemeji asimame.

"Shemeji, tukisimama kwa kila jiwe Singida tutafika usiku."

"Hili moja tu, baba."

Katika eneo hilo kuna tabaka ambalo wanajiolojia wamelipa jina la Kilimatinde, mji wa zamani jirani na Manyoni: mchanga na kokoto zilizogandishwa na silika, madini yaleyale yanayounda kwatzi, mpaka zikawa mwamba mmoja. Mpwa wangu alipitisha kidole juu ya vipande vidogo vya kwatzi vilivyoshikiliwa humo. Ni vizuri kuliona hilo kabla ya ziwa, maana linamwonyesha mtoto kwamba changarawe haina mwisho; leo imelegea, kesho inagandishwa, keshokutwa inalegea tena. Kutoka hapo Manyoni ilipita haraka. Ikungi tuliona magunia ya alizeti yamepangwa kando ya barabara, na mchana tukawa tumefika Singida, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, upepo ukivuma kama unavyojulikana.

Upepo huo ni sehemu ya mipango. Mchana unasumbua maji, unatia mchanga machoni, na huoni kilicho chini ya maji hata kwa sentimita chache. Kwa hiyo jua lilipopanda tulikaa mjini, tukala kuku wa kienyeji, nikaenda ofisi ya mtaa. Kazi ya mawe tuliifanya asubuhi na mapema.

Tulianza Kindai, upande wa kusini wa mji. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha mkanda mweupe wa magadi, na kila jiwe lilikuwa limevaa ganda la chumvi, jeupe lote. Mtu mwingine angeondoka akisema hakuna kitu. Hapo ndipo maji ya bomba yalipofanya kazi: unalitia jiwe kwenye beseni, unalisugua kwa mswaki, na chini ya ganda inatoka waridi, inatoka rangi ya asali palipoingia kutu ya chuma, inatoka nyeupe ya kwatzi inayopitisha mwanga. Mpwa wangu alipolinyanyua la kwanza dhidi ya jua hakusema neno, akalipeleka tu kwenye trei. Heroe, au flamingo, walikuwa mbali kidogo kwenye maji ya kina kifupi, vichwa chini wakila, nasi tukabaki upande wetu. Kwenye ndege huwa sikubali mjadala. Jiwe lililo karibu na kundi la heroe liache lilipo.

Singidani, kaskazini mwa mji, ina sura nyingine. Hapa majabali ya itale yamesimama mpaka ukingoni, mengine makubwa kuliko nyumba, na uso wake unachunika tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Tulimkuta mzee akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini?"

Tulimwonyesha trei. Aliligeuza jiwe moja, akatuambia tunatafuta mahali pabaya. Tuuache mstari wa maji, turudi nyuma mpaka makorongo ya mvua yanapomwaga kokoto, kwa sababu mvua ndiyo inayoleta mawe hapa, ziwa lina kazi ya kuyalowesha tu. Nilifurahi sana. Lile nililokuwa nikilieleza ubaoni kwa michoro na mishale, yeye alilimaliza kwa sentensi moja akiwa ameshika sindano ya nyavu. Kwenye mdomo wa korongo la pili ndipo tulipopata mazuri kuliko yote: feldispa ya waridi iliyokolea, yenye bapa linalowaka ukiligeuza juani, na mawe ya waridi na nyeupe yaliyokatwa na mkanda mweusi wa ulanga.

Shemeji, aliyekuja kama dereva, ndiye aliyetupeleka kwa wagonga kokoto. Singida watu wengi, wanawake hasa, wanaishi kwa kazi hiyo: jabali linapashwa moto kwa kuni hadi lipasuke, kisha vipande vinagongwa kwa nyundo mpaka vinakuwa kokoto za ujenzi. Ni kazi ngumu, kwenye jua na vumbi. Dada mmoja tuliyemkuta alikuwa ametenga pembeni vipande vyenye waridi nyingi, akasema huwa anawawekea watoto wake. Anajua jabali lipi lina waridi ndani na lipi la kijivu tupu kabla hajaligusa, kwa kutazama rangi ya mchanga uliomomonyoka chini yake. Nilikaa naye kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa kando ya maji. Tulinunua vipande kadhaa kwa bei aliyoitaja mwenyewe, na nawaomba wanaopita huko wafanye hivyohivyo, kwa sababu jasho lililotoka kwenye jiwe lile ni lake.

Jambo moja la kulijua kabla ya kurudi nyumbani: jiwe likikauka linafifia. Uso wenye mikwaruzo midogo hutawanya mwanga, na maji huziba mikwaruzo hiyo, ndiyo maana lililo kwenye beseni linang'aa na lililo dirishani limepauka. Mawe ya Nyasa yameshasuguliwa na mawimbi. Ya Singida yanakusubiri wewe. Sisi tuliyagawa. Mengine tumeyaweka kwenye chupa ya kioo yenye maji. Machache mpwa wangu anayasugua kwa msasa wa maji, akianza na ule mkali na kwenda kwenye ule laini, kila jioni baada ya kazi za shule. Itale ni ngumu, kazi inakwenda polepole, lakini bapa la kwanza limeanza kuonyesha waridi yake likiwa kavu.

Daftari limefunguliwa tena kwenye ukurasa wa Matema. Tunataka kwenda kabla ya masika ya kule, ambako mvua ni nyingi mno kuliko za kwetu, na Iringa tutalala ili tupate nusu siku ya kusimama Isimila kuona zana za mawe za watu wa kale. Za kutazama tu, maana mambo ya kale yanalindwa kisheria tangu 1964. Shemeji amekubali kuendesha. Sharti la ndoo moja bado lipo.