Hodi katika Mahame ya Gede

Nilikulia jirani na wafu wa zamani. Kijiji cha Tongoni kiko kusini mwa mji wa Tanga, kilomita 17 hivi kwa barabara iendayo Pangani, na jina lake limetokana na neno tongo, yaani mahali palipokuwa na mji kisha ukahamwa. Pana msikiti uliobomoka na makaburi yapatayo 40 ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo zilizoanguka kama minazi baada ya dhoruba. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuyapandia, na tulikatazwa vilevile kuitika tukiitwa na sauti tusiyoijua. Hakuna aliyetueleza ni nani hasa angetuita. Swali hilo ndilo lililonifunga safari miaka mingi baadaye, kuelekea kaskazini hadi Gede, mji wa mawe ulioachwa ndani ya msitu wa Kilifi, ambao wenyeji husema haukuachwa mtupu.

Nilianzia Amboni kwa sababu sikutaka kuanza na swali gumu. Mapango ya Amboni yapo kilomita chache tu kaskazini mwa Tanga, na kila mwenyeji anakijua kisa chake: Mzungu mmoja na mkewe waliingia pangoni na mbwa wao, wasionekane tena, ila mbwa akaibukia mlima Kilimanjaro. Wengine husema njia ya chini kwa chini inafika Mombasa. Mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango haya, wakahesabu kumi, na refu kuliko yote waliyoyachunguza halikuzidi mita 900. Kijana aliyenitembeza aliitaja namba hiyo bila kigugumizi, kisha akanisimulia habari za mbwa kwa moyo uleule, wala hakuona kwamba kauli moja inaivunja nyingine. Tulipita mahali paitwapo Mzimu wa Mabavu, ambako watu huja kuomba wapate watoto au waondokewe na mikosi, nikaona chupa za marashi na sarafu zilizoanza kushika kutu. Sarafu zile zilinishughulisha kuliko mbwa. Mbwa ni hadithi ya kumfurahisha mgeni. Sarafu zimeachwa na mtu aliyekuja na shida yake, akaondoka bila kutafuta wa kumsimulia.

Kuhusu mpaka wa Tanzania na Kenya pale Horohoro na Lungalunga, na kivuko cha Likoni, sina la kusimulia isipokuwa joto na foleni. Nililala Mombasa, na asubuhi nikapanda matatu ya Malindi. Barabara ile, kwa anayeijua historia yake, ni kama kupita katikati ya makaburi. Mtwapa kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji uliohamwa bila kuacha jina lake, kwa maana jina hilo, nyumba kubwa ya mtumwa, limetolewa na waliokuja nyuma. Kilifi, ng'ambo ya kusini ya hori, kuna Mnarani, nao ni mji wa mawe uliokufa. Baada ya Kilifi msitu wa Arabuko-Sokoke unajitokeza upande wa kushoto na kuandamana na barabara kwa muda mrefu, nao una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, kiasi kwamba abiria aliyesinzia akiamka huukuta bado uko palepale.

Jirani yangu kitini alikuwa mama wa makamo mwenye ndoo mbili za samaki zilizokwisha kuuzwa. Aliponiuliza niendako nikamwambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tembea, mwanangu, lakini usiokote kitu."

Nilimuuliza kama aliwahi kumwona mtu aliyeokota.

"Sijamwona," alijibu. "Waliosikia huwa hawaokoti, sasa nitamwona wapi?"

Niliteremka Gede, nikachukua bodaboda ya dakika chache kwenye barabara ya Watamu, nikaingia getini. Mtu hutarajia magofu yawe uwanjani, juani, yapigwe picha. Ya Gede yamo ndani ya kivuli. Mibuyu na mikuyu imeota juu ya kuta, mizizi ikashuka kuzikumbatia kana kwamba ndiyo inayozizuia zisianguke, na pengine ndivyo ilivyo. Kima wanarukaruka juu ya msikiti. Chini, katika majani makavu, husikika mchakacho mwepesi unaokwenda, ukasimama, ukaenda tena, na mtu asiyejua huweza kuapa kwamba anafuatwa. Huyo ni sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye msitu huu ni miongoni mwa makazi yake machache yaliyobaki. Nilimwona mara moja tu. Mchakacho niliusikia siku nzima, na nakiri kwamba si kila mara nilikuwa na hakika ni yeye.

Aliyeniongoza alikuwa mzee wa Kigiriama mwenye sauti ya chini, ambaye kazi hiyo ameifanya muda mrefu hata haangalii tena anapokanyaga. Tulipofika kwenye lango la jumba la mfalme alisimama, akasema "Hodi" kama mtu anayepita kwa jirani, akangoja kidogo, kisha akainama na kuingia. Mbele ya nyumba zilizofuata alifanya hivyo hivyo. Nilidhani ni mchezo wa kuwachangamsha wageni, mpaka nilipotambua kwamba hakuwa akinitazama mimi anapofanya.

"Mzee wangu, unambishia nani hodi?" nilimuuliza hatimaye.

"Mwenye nyumba."

"Na ikiwa hayupo?"

"Basi hodi imenigharimu nini?"

Wenyeji husema mji huu unalindwa na Wazee, roho za viongozi wa dini waliokufa humu, na kwamba anayeharibu kitu au kuondoka nacho atafuatwa na laana. Wagiriama huziita roho za wahenga koma, na hawazichukulii kama mazimwi ya kutisha watoto. Koma ni jamaa, ana haki yake, na asipopewa hudai. Jambo hili halikuishia kijijini. Vigango, nguzo za mbao zinazochongwa na Wagiriama kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, ziliibiwa kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo kama sanaa, huku nyumbani watu wakihesabu ukame na maradhi kuwa malipo ya wizi huo. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilitangaza kuvirudisha vigango 30. Sijui wakurugenzi wa kule wanaamini nini juu ya koma, lakini koma walipata walichodai.

Hata mwanaakiolojia hakusalimika na hisia hizo. James Kirkman, Mwingereza aliyeichimba Gede kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kuna mtu au kitu kinachomtazama kutoka nyuma ya kuta, bila uadui wala urafiki, kikisubiri tu jambo ambalo kilijua litatokea. Huyu ni mtu aliyepima kila ukuta na kuhesabu kila kigae. Namwamini zaidi kwa kuwa hakudai kuona kitu.

Alichofukua ndicho kinacholikuza fumbo. Ukuta wa nje wa Gede umezunguka eneo la ekari 45. Ndani yake kuna Msikiti Mkuu, ambao kwenye tao la mlango wake mmoja kumechongwa kichwa cha mkuki mpana. Kuna jumba la mfalme lenye nyua na baraza, na nyumba za matajiri zenye vyoo vya ndani na mahali pa kunawia, zilizojengwa zama ambazo watu wa miji mingi ya Ulaya walikuwa wakimwaga uchafu barabarani. Kaburi moja limeandikwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 wa Miladia, na kwa tarehe hiyo moja mji mzima umepata pa kushikia katika kalenda. Vilipatikana vyombo vya kauri kutoka China, shanga za Venisi, taa ya chuma kutoka India na mkasi wa Kihispania. Kwa kuwa hakuna aliyejua majina ya wenye nyumba, nyumba zikapewa majina ya vitu walivyovisahau: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Simbi. Nilisimama katika Nyumba ya Mkasi nikifikiri jinsi mtu anavyoweza kuoa, kuzaa, kujenga na kuswali maisha yake yote, na dunia ikamkumbuka kwa mkasi uliompotea.

Jina la mji wenyewe nalo halina uhakika. Gede ni neno la Kioromo, na hufasiriwa kuwa ni kitu cha thamani. Wenyeji wa awali hawakuwa Waoromo. Kuna wanaodhani paliitwa Kilimani.

Sasa lije lile linalonisumbua kuliko mizimu yote. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, siku chache baada ya meli yake moja kukwama kwenye mafungu ya bahari karibu na Tongoni kwetu. Wareno wakafanya urafiki na mfalme wa Malindi, wakaweka kituo cha biashara mwaka 1512, wakakaa huko hadi walipohamia Mombasa katika mwongo wa 1590 na kujenga Ngome ya Yesu. Kwa takriban miaka themanini, watu walioandika bei za pembe, majina ya masheikh na ugomvi wa kila bandari, walikaa kilomita 16 tu kutoka Gede. Hawakuitaja. Mji wa kuta, wenye msikiti mkubwa na sahani za kauri za China, haumo katika maandishi yao kwa jina hili wala kwa maelezo yanayofanana nao. Kwa Wazungu habari zake zinaanza mwaka 1884, pale John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar, alipoyatembelea magofu.

Mzee wangu alikuwa na jibu lake. "Walioficha mji," alisema, "ni walewale wanaoulinda." Ni jibu lisiloweza kupingwa, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kulitumia. Wako wanaosema Wareno waliujua kwa jina jingine ambalo hatujalitambua. Wengine husema mji ulikuwa mbali na bandari, msituni, na Malindi haikuwa na sababu ya kumwonyesha mgeni mshindani wake. Mimi naegemea hili la mwisho, kwa kuwa nimeuishi uswahili wa pwani: mwenyeji humkirimu mgeni wake kwa kila chakula, lakini hamtembezi kwa jirani.

Kuhusu kuhamwa kwake mapema katika karne ya 17, visa ni vingi. Wazimba, waliopita pwani wakiangamiza miji, walifika Malindi mwaka 1589 na kuvunjwa nguvu na Wasegeju. Waoromo walikuwa wakiteremka kutoka kaskazini. Pia ukuta wa ndani, ambao ni wa baadaye kuliko ule wa nje, unaonyesha mji uliokuwa ukipungua, watu wachache wakijivuta kuelekea katikati kama mtu anayejikunyata chini ya blanketi fupi.

Lakini mzee alinipeleka kwanza kisimani, kando ya Msikiti Mkuu. Kilichimbwa, kisha kikazidishwa kina, kwa sababu maji yalikuwa yakirudi chini. Niliinama juu ya mdomo wake kwa muda mrefu. Katika mji wa Kiislamu kisima cha msikiti ni maji ya kunywa na maji ya udhu, na kikikauka, mtu huona kwamba anakosa cha kuanzia siku yake. Pale ndipo niliposhawishika kuliko mahali pengine popote. Adui huja siku moja na kuondoka. Kisima kinachokauka humwambia mtu kila alfajiri ahame, kamba ya ndoo ikirefuka mwaka hadi mwaka. Nilipomwambia mzee hivyo alikubali kwa kichwa, akaongeza kwamba maji pia yana wenyewe.

Jambo moja nililithibitisha kabla ya kuondoka. Serikali ya kikoloni ilianza kuyatambua magofu haya rasmi mwaka 1927, baada ya watu kung'oa kauri zilizopambwa kutani, na UNESCO ikayaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Katika karne tatu zilizotangulia hapakuwa na askari, geti wala tiketi. Kilichokuwepo ni yale maneno ya mama wa samaki: usiokote kitu.

Jua lilipokaribia kuchwa niliagana na mzee, nikafika getini, nikakumbuka kwamba mwavuli wangu umebaki katika jumba la mfalme. Askari kijana alitazama saa yake, akaniambia, "Kimbia kaka, nafunga." Nilirudi peke yangu. Msitu ulikuwa umekwisha kuwa giza kabla ya anga, na ule mchakacho wa majani makavu ulikuwa kulia kwangu, kisha kushoto. Mbele ya lango nilisimama. Hapakuwa na wa kunitazama, wala sikuwa na mtu wa kumfurahisha. Nilisema hodi, nikangoja kwa muda mrefu kuliko mzee alivyokuwa akingoja, kisha nikainama, nikauchukua mwavuli, nikatoka.

"Ulibisha hodi?" askari aliniuliza nilipofika, akiwa ameshika kufuli.

"Nilibisha."

"Wakaitika?"

"Hapana."

"Afadhali," alisema, akafunga geti.