Chupa mbili za Bourgogne na nyama ya mbuzi

Shemeji yangu anayeishi Liège, Ubelgiji, alipokuja Bukavu kututembelea, alitoa katika sanduku lake chupa mbili alizozizungushia suruali zisivunjike. Zote zilikuwa divai nyekundu za Gevrey-Chambertin, kijiji cha Bourgogne nchini Ufaransa, moja ya mavuno ya 2005 na nyingine ya 2019. Kwa kuwa divai nyekundu za kijiji hicho hutokana na zabibu za Pinot Noir, tulitarajia kuonja hasa umri. Tukaamua kuzinywa Jumapili jioni, pamoja na mbuzi wa kukaanga, sombe na bugali.

Chupa ya 2005 niliisimamisha tangu Ijumaa ili mashapo yatue chini. Hata hivyo kizibo chake kilikatika katikati, nami nikatumia karibu dakika kumi kukitoa kipande kilichobaki, huku shemeji akinisimamia kama daktari mkuu. Kuhusu joto hatukuhangaika. Wanaposema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, wanafikiria vyumba vya Ulaya ya zamani, navyo vilikuwa baridi. Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wetu unatosha, ila ningekuwa Uvira, kule chini kando ya Ziwa Tanganyika kwenye joto, ningeitia kwanza katika friji kwa nusu saa.

Ganda la Pinot Noir ni jembamba, kwa hiyo hata ile changa haikuwa nyeusi: ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, uliona vidole vyako upande wa pili. Ile ya 2005 ilikuwa imegeuka rangi ya tofali ukingoni. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hanywi, aliinusa tu akasema, «Hii inanuka uyoga, na majani yaliyooza porini baada ya mvua.» Sikusikia maelezo bora zaidi usiku ule, wala shemeji hakuwa na la kuongeza. Ya 2019 ilinukia fraizi zilizoiva, ikakausha ulimi kwa tanini zake, ule ukakasi utokao kwenye ganda la zabibu.

Kosa letu lilikuwa la saa. Tulizizibua zote mbili kwa pamoja, umeme ukakatika, mbuzi akachelewa jikoni, na chakula kilipofika mezani ile ya zamani ilikuwa imeshaanza kunyong'onyea: harufu ya uyoga ilififia, ukabaki uchachu. Divai iliyokaa miaka mingi chupani hustahimili hewa kwa muda mfupi, ilhali changa huihitaji hewa hiyo ili ilainike. Isitoshe, mafuta ya mbuzi yalizipunguza makali tanini za 2019, ikawa tamu zaidi kwa kila tonge. Pilipili peke yake ndiyo iliyoziharibu zote mbili, kwa maana ilikifanya kileo chake kichome koo, na baada ya kuionja mara moja niliisogeza mbali na sahani yangu.

Siku nyingine nitaizibua ya zamani watu wakiwa tayari wameketi, na nitaiandalia kuku wa kuchemshwa kwa uyoga, bila pilipili. Ile changa ilibaki robo chupa. Nilirudisha kizibo, na Jumatatu jioni niliinywa na mabaki ya mbuzi, ikiwa laini kuliko ilivyokuwa usiku wa wageni.