Hori la tano la Karafuu: gramu 14 badala ya 58

Leo asubuhi nimepima nyasi zilizomwagika chini ya hori la sungura wangu Karafuu, yaani chombo anacholia nyasi, nikapata gramu 14, kati ya gramu 100 nilizoweka jana jioni. Kwa asiyefuga sungura ndani ya nyumba tarakimu hiyo haina uzito wowote. Kwangu mimi, ambaye kwa miezi miwili nimekuwa nikizoa gramu 58, gramu 61 na siku moja gramu 70 zilizolowa mkojo, ni habari ya kuamsha nyumba nzima, na kwa kweli niliiamsha.

Nyasi zenyewe hazikuwa na kasoro. Nanunua robota la nyasi za Rhodes hapa Arusha, lenye harufu nzuri na lisilo na ukungu, na lusini (majani ya alfalfa, jamii ya kunde) nimeiacha tangu Karafuu alipotimiza mwaka mmoja, kwa kuwa kalisi na protini yake ni nyingi mno kwa sungura mzima. Kilichonishinda ni chombo cha kuziwekea.

Beseni halistahili maelezo: alilala ndani yake. Kichanja cha waya nilichokitundika ukutani kilimlazimu kuinua shingo, ilhali sungura ni mnyama wa kula akiwa ameinamisha kichwa. Vumbi likamdondokea usoni, na siku ya nne jicho lake la kushoto likawa linatoa machozi. Nikakishusha siku hiyo hiyo.

Hori la tatu ndilo lililonidanganya. Nilitumia wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 2.5, na upotevu ukashuka ghafla hadi gramu 9. Nilijisifu kwa siku mbili nzima, mpaka nilipokuwa nasafisha choo chake nikaona vinyesi vimekuwa vidogo, vikavu na vichache. Ndipo nilipopima na nyasi zilizobaki ndani ya hori: alikuwa amekula gramu 31 tu. Hazikumwagika kwa sababu hakuweza kuzitoa. Utumbo wa sungura ukikosa nyuzinyuzi hupunguza mwendo na unaweza kusimama kabisa, tena hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo nilimwagia rundo la nyasi sakafuni papo hapo, nikampigia simu daktari wa mifugo, na usiku ule nikaamka mara tatu kuhesabu vinyesi. Tangu hapo daftari langu lina safu tatu: zilizowekwa, zilizomwagika na zilizobaki. Anayepima zilizomwagika peke yake anajidanganya kama nilivyojidanganya.

Hori la nne lilitokana na dumu la lita 20. Katika kulikata nimejifunza kwamba msumeno wa umeme, ambao kila fundi ananisifia, huyeyusha plastiki na kuacha kingo zenye meno. Msumeno wa chuma wa mkono, ukifuatwa na tupa kisha msasa, hufanya kazi safi zaidi kwa nusu saa tu. Fundi jirani aliliangalia akasema, “Mama, huyu atalila dumu lenyewe.” Alilila. Hata hivyo, dumu hilo ndilo lililonifungua macho, kwa sababu jioni moja mimi na binti yangu tulikaa kimya tukimtazama: Karafuu alichomoa nyasi mdomo mzima, akageuka, akaruka hadi kwenye sanduku la choo lililokuwa pembe ya pili ya chumba, akala huku akijisaidia, kisha akarudi kuchota nyingine, akidondosha nusu njiani na kuzikanyaga. Nilikuwa nimepigana na upana wa matundu kwa wiki saba, kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa umbali. Nililisogeza dumu hadi juu ya ukingo wa choo, na kesho yake zilimwagika gramu 33.

Mpango wangu uliofuata ulikuwa hori la mbao lenye mfuniko wa bawaba, na mbao zisizopakwa dawa nilikuwa nimekwisha kuzipima na kuziwekea alama. Bado ziko stoo. Nilipokwenda sokoni kununua nyanya nililiona tenga tupu limelazwa ubavu, nikasimama pale nikitazama nafasi kati ya fito zake hadi muuzaji akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nilichagua la mianzi, nikayakataa yale ambayo sikuzitambua fito zake, kwani lantana imejaa kwenye nyua zetu na ni sumu. Nililisugua kwa maji, nikalianika juani siku mbili, kisha nikalikata nusu na kulifunga ukutani mdomo ukielekea juu, kitako kikiwa sentimita 5 juu ya choo. Fito zimesimama wima, na nimepunguza baadhi ili nafasi ziwe takriban sentimita 4: midomo inapita, kichwa hakipiti. Anavuta nyasi kwa ubavu, anatafuna palepale alipokaa, na zinazodondoka huangukia mbele ya pua yake, naye huziokota.

Daftari la leo linasomeka hivi: zilizowekwa 100, zilizomwagika 14, zilizobaki 5. Vinyesi ni vikubwa na vya mviringo. Ufito wa tatu kutoka kushoto amekwisha kuutafuna hadi katikati, kwa hiyo Jumamosi nitanunua tenga la pili.