Bosi wa zamani akikuharibia kazi mpya: la kufanya ukiwa Mtwara au Lindi

Kusini tunajuana. Msimamizi wa ghala la korosho Masasi ana namba ya mwenzake wa Newala, anayeajiri madereva wa malori Mtwara mjini alishawahi kufanya kazi na yule wa bandarini, na mafundi wengi waliopita kwenye gesi kule Msimbati na Madimba wamepitia kwa mawakala walewale wa ajira. Ndiyo maana simu moja ya mwajiri wa zamani ina uzito mkubwa huku kuliko Dar es Salaam, ambako mtu anahama Tandika akaenda Tegeta akaanza upya. Mfanyakazi anayehisi anaharibiwa jina mara nyingi hubaki kulalamika kijiweni, na siku za kudai haki yake zinayoyoma. Siku hizo zinahesabika, na nitazitaja hapa chini.

Kwanza hakikisha. Kukosa kazi mara mbili tatu mfululizo bado si ushahidi. Mwandikie aliyekunyima kazi, kwa barua pepe au WhatsApp, maneno machache tu: "Nashukuru kwa usaili. Naomba kufahamu kama kuna taarifa yoyote kunihusu mliyopewa na mwajiri wangu wa zamani, ili niweze kuitolea maelezo." Usilaumu mtu, usitaje jina la bosi. Wengine hujibu, tena kwa simu: "Tulimpigia, akasema hivi." Hapohapo andika tarehe, saa, jina la aliyekuambia na maneno aliyotumia, kisha mrudishie kwa ujumbe: "Asante kwa maelezo yako ya leo kwamba…" Ujumbe huo asipoukana, umepata pa kuanzia. Sheria nayo inakupa nguvu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zilizoko kwa mtu au taasisi na kutaka zirekebishwe zikiwa si sahihi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuna wanaomtuma rafiki apige simu akijifanya meneja anayeulizia sifa zako. Sikushauri. Ni udanganyifu, na siku ya kesi rafiki yako ataulizwa maswali ya kujifanya kwake badala ya maneno ya bosi.

Halafu tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Mwajiri akisema ukweli, hata ukweli unaouma, hajakukosea kisheria. Akikataa kukuandikia barua ya mapendekezo, hajakukosea pia, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimisha kukusifu. Lakini akisema uongo unaokuvunjia heshima, au akikunyima cheti cha utumishi, hapo unacho cha kudai.

Cheti cha utumishi ndicho wengi wanakiachia, na mimi nakiona kuwa ngao kubwa kuliko zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44 kwa namba za sheria ilivyotungwa, inamtaka mwajiri akupe cheti hicho ajira inapokoma. Si hisani yake. Hakijali kama mliachana vizuri au vibaya. Ukienda kwa mwajiri mpya na cheti kinachoonyesha ulikuwa nani na ulifanya kazi kuanzia lini mpaka lini, maneno ya simuni yanapungua nguvu, kwa sababu hakuna tena anayeweza kusema "huyo hatumjui" au "alikaa miezi miwili akatoroka".

Kiombe kwa maandishi, hata kama umeshakiomba kwa mdomo mara nyingi. Barua iwe fupi:

"Yah: Maombi ya cheti cha utumishi. Niliajiriwa katika kampuni yako kama mwendesha mashine kuanzia tarehe (weka) hadi tarehe (weka). Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, naomba nipatiwe cheti changu cha utumishi ndani ya siku saba tangu kupokea barua hii."

Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na jina la aliyepokea. Mlinzi akikuzuia getini, tuma kwa EMS pale Posta utunze risiti, na siku hiyohiyo tuma picha ya barua kwa WhatsApp ya meneja. Siku saba hizo nimeziweka mimi, si za sheria. Kazi yake ni kukupa tarehe ya kuonyesha kwamba ulingoja, ukanyimwa.

Cheti kikishindikana kabisa, kuna ushahidi mwingine wa kazi: mkataba, slipu za mshahara, meseji za benki za mshahara kuingia, kitambulisho cha kazini, na taarifa ya michango yako ya NSSF. Hii ya mwisho ni nzuri sana kwa sababu haitoki kwa bosi. Inaonyesha jina la mwajiri na miezi aliyokuchangia. Itazame ungali kazini, maana ukikuta miezi imerukwa utakuwa bado una mtu wa kumuuliza. Mwajiri anatakiwa kupeleka mchango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha.

Sasa namna ya kuondoka, maana maneno mengi mabaya huzaliwa hapo. Msimu wa korosho unapoanza kuna wanaoacha kazi ghafla kwenda shambani au kwenye ubebaji ghalani, wakidhani watarudi baadaye kujieleza. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinahesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya msingi kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Bosi akiandika "utoro" kwenye faili lako, atakuwa amesema kweli, na kauli hiyo itakufuata. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Ukikataa kuzifanyia kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi chake kwenye malipo yako ya mwisho. Afadhali ukatwe pesa kuliko kuandikiwa utoro.

Upande wa pili kuna mtego wa barua ya kuacha kazi "kwa hiari". Unaitwa ofisini, unaambiwa andika mwenyewe kwamba umeacha, tukupe maneno mazuri huko mbele. Ukishaandika, siku ukidai kwamba ulifukuzwa, barua yako mwenyewe itakusuta, na yale maneno mazuri hayakuandikwa popote. Usisaini siku hiyo. Omba kwenda nayo nyumbani. Na kama ni barua ya kuachishwa au ya onyo ambayo lazima uipokee, chini ya sahihi yako andika kwa kalamu hiyohiyo: "Nimepokea tu, sikubaliani na yaliyomo," na tarehe. Kisha piga picha kabla karatasi haijatoka mkononi mwako. Mstari huo mmoja umeokoa watu wengi.

Tukifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, hesabu siku kwanza. Mgogoro wa uhalali wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, kama kunyimwa cheti cha utumishi au malipo, ni ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukichelewa unajaza fomu namba 2 kuomba kuongezewa muda, ukieleza sababu ya kila siku uliyochelewa. Sababu ya "tulikuwa tunazungumza kumalizana kindugu" haipokelewi kirahisi, na bahati mbaya ndiyo inayotajwa sana. Zungumzeni, lakini fomu ya mgogoro iwe imeshafika CMA.

Fomu hiyo ya kufungulia mgogoro, fomu namba 1, haina ada. Makosa yanayoiharibu ni machache na yanajirudia. La kwanza ni jina la mwajiri. Mtu amefanya kazi kwenye mtambo wa kampuni kubwa, anaishtaki kampuni hiyo, kumbe mwajiri wake ni wakala aliyemleta. Tazama nani aliyesaini mkataba, jina gani liko kwenye slipu na nani anakuchangia NSSF. Jina liandikwe kama lilivyosajiliwa, si kama linavyosomeka kwenye kibao cha barabarani. La pili ni madai kusahaulika: usichokidai kwenye fomu ni vigumu kukiingiza baadaye, kwa hiyo taja notisi, likizo ambayo hukuchukua, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama inakuhusu, kiinua mgongo cha kuachishwa, na cheti. Kiinua mgongo hicho ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, kwa aliyefikisha miezi 12 na ambaye hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu. La tatu, Sehemu B ni ya migogoro ya kuachishwa kazi pekee. Kama unadai cheti tu, usiijaze. La nne, mpelekee mwajiri nakala na utunze uthibitisho wa kupokea, la sivyo siku ya shauri atasema hana habari.

Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, ila malipo yake na cheti bado ni haki yake. Mtumishi wa umma ana njia nyingine, kupitia mamlaka yake ya nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, katibu wake anaweza kukuwakilisha CMA. Usiye na chama, ulizia wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Shauri huanzia kwenye usuluhishi, ambao una siku 30, na hapa ndipo jambo la jina lako linapoweza kumalizwa vizuri kuliko mahali pengine popote. Watu huingia wakiwaza pesa tu. Omba na maneno. Omba muafaka uandike kwamba mwajiri atakupa cheti tarehe fulani, na kwamba akiulizwa na mtu yeyote atataja cheo chako na tarehe za kazi, basi. Kama kuna barua, maneno yake yaambatishwe palepale. Muafaka uliosainiwa mbele ya msuluhishi unakaziwa kama hukumu, hivyo bosi akivunja una pa kumshika. Waajiri wengi hukubali hili upesi kwa sababu haliwagharimu kitu.

Kashfa yenyewe ni shauri zito, na mimi ningeliacha liwe la mwisho. Lazima uthibitishe maneno yalisemwa, yalikuhusu wewe, yalimfikia mtu mwingine, na ni ya uongo. Mwajiri anayejibu kwa nia njema swali la mwajiri mwenzake ana kinga fulani, inayoanguka ukithibitisha chuki. Ukomo wa madai haya ni miaka 3. Shahidi ni yule aliyepokea simu, na huyo ndiye mgumu kumpata, kwa kuwa naye ana biashara na bosi wako. Maneno yakiwa yameandikwa kwenye kundi la WhatsApp la mameneja, mambo yanabadilika. Yahifadhi kwa skrinishoti inayoonyesha namba, tarehe na ujumbe uliotangulia na uliofuata, na aliyekupa asifute chochote kwenye simu yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo mahakamani.

Wakati hayo yakiendelea, unahitaji kazi. Matangazo ya kazi za serikali ya Sekretarieti ya Ajira huomba wadhamini watatu, na si lazima mmoja wao awe meneja mliyegombana. Msimamizi wa zamu, mhasibu aliyehama, fundi mkuu aliyestaafu akarudi Nachingwea: yeyote aliyeiona kazi yako kwa macho. Mpigie kwanza, mkumbushe miaka na kazi mliyofanya, umtumie CV yako, ili akiulizwa asibabaike. Vyeti halisi usimwachie mwajiri yeyote, peleka nakala zilizogongwa muhuri wa wakili. Na kwenye usaili, ukiulizwa kwa nini uliondoka, jibu kwa sentensi mbili: "Tulitofautiana kuhusu malipo, shauri lilikwenda CMA likaisha. Cheti changu cha utumishi hiki hapa." Kisha rudi kwenye kazi unayoiomba.