Fidla mbili zinazojifanya okestra

Jumamosi, usiku. Nimezima kompyuta sasa hivi, masikio bado yanavuma.

Wimbo ni wa mapenzi, mapigo 92 kwa dakika, na mwimbaji wangu anataka kiitikio kijae kama bamvua. Okestra sina. Ninao wapiga fidla wawili, mpiga chelo mmoja (chelo ni ndugu mkubwa wa fidla, wa sauti nzito), maiki mbili na chumba huku Kikwajuni, Zanzibar, kilichoegeshwa magodoro ukutani.

Wiki iliyopita nilijidanganya. Nilirekodi fidla mara moja, nikainakili ile trak mara sita. Ikawa fidla ileile, inapiga kelele zaidi tu. Nakala ukiiweka juu ya asili yake, sauti inapanda desibeli 6, basi. Upana unaletwa na kasoro: upinde mmoja unachelewa kidogo, kidole hiki kinatetema kuliko kile.

Kwa hiyo leo kila mzunguko wa kurekodi tulihamisha viti. Kwanza maiki mita moja juu ya fidla, kisha mita mbili, mara ya tatu wakabadilishana fidla. Sauti niliyoiandikia viola, fidla kubwa kidogo ya sauti nzito zaidi, ilishuka chini ya G ya uzi mnene wa fidla, na fidla haina noti chini ya hapo. Nikampa wa chelo aipige juu kabisa. Afadhali nilivyokosa viola, chelo ikipanda huko hulia kama mtu.

Feni ilibidi izimwe. Joto likawa linalegeza nyuzi, kila baada ya mizunguko miwili tunarudi kukaza nyuzi kwenye A ya hezi 440. Halafu tiki-tiki ya metronomu ikavuja kutoka hedifoni za mzee, mmoja wa wapigaji wangu, hadi kwenye maiki, maana yeye huacha sikio moja wazi ajisikie. Nimeigundua kwenye ile noti ya mwisho inayofifia. Trak mbili zimekufa hivyo.

Mzee ni mtu wa taarab. Penye noti ya kushikilia mapigo manne, yeye anaiingia kwa kuteleza, kama anavyomfuata mwimbaji jukwaani.

"Mzee wangu, naomba hii uiingie moja kwa moja."

Akanitazama. "Hiyo mwanangu utaipata kwenye kinanda."

Nikamrekodi vilevile. Nilipomchanganya na trak zilizonyooka, kiitikio kikajaa. Nimemwacha, ila nimempunguza pale mwimbaji anapovuta neno la mwisho, wasigombanie nafasi.

Kesho: kurudia trak mbili zenye tiki-tiki, na kumbembeleza mwenye nyumba asiwashe pampu ya maji saa nne mpaka saa sita.