Intaneti ipo, lakini Outlook inang'ang'ania kuwa haipo

Kivinjari kinafungua kurasa, video inacheza bila kukwama, ila programu ya barua pepe imeandika kwenye ukanda wa chini 'Working Offline' au 'Disconnected' na haitikisiki. Hapo wengi hukimbilia kuiondoa programu na kuisakinisha upya. Usijisumbue. Kusakinisha upya hubadilisha mafaili ya programu tu. Profaili ya akaunti, mipangilio iliyo kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na faili lenye barua hubaki palepale, na kosa hubaki nayo.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba programu hizi hazijui kwa macho yao kama intaneti ipo. Zinategemea majibu kutoka sehemu tatu: swichi iliyo ndani ya programu yenyewe, mfumo endeshi wa kompyuta, na seva ya akaunti yako. Sehemu moja tu ikijibu vibaya, programu inajitangaza kuwa iko nje ya mtandao. Kazi yako ni kumtafuta aliyesema uongo.

Maneno ya kwenye ukanda wa chini husaidia sana, na watu hawayasomi. Katika Outlook ya zamani, ile ambayo Microsoft sasa huiita 'Outlook classic', 'Working Offline' maana yake programu imeambiwa ikae nje ya mtandao. 'Disconnected' au 'Trying to connect' maana yake inataka kuingia ila haifiki. 'Need Password' ni habari nyingine kabisa: njia ipo, ila utambulisho wako haujakubaliwa.

Anza na swichi. Katika Outlook fungua kichupo cha 'Send / Receive', angalia upande wa kulia kitufe cha 'Work Offline'. Kikiwa na kivuli, kimebonyezwa. Kibofye mara moja, kisha subiri kidogo. Usikibofye tena na tena kwa haraka, maana utakuwa unaiwasha na kuizima. Swichi hii hukumbukwa hata ukifunga programu, ndiyo maana kuzima na kuwasha kompyuta hakusaidii.

Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, ina alama ndogo kwenye kona ya chini kushoto, na mbofyo mmoja wa bahati mbaya unatosha kuitoa mtandaoni. Ukiiona hiyo alama, umemaliza nusu ya matatizo ya Thunderbird ya aina hii. Kwa Apple Mail, nenda menyu ya 'Mailbox' kisha 'Take All Accounts Online'; na ukitaka kujua akaunti ipi inakwama, fungua 'Connection Doctor' kwenye menyu ya 'Window'.

Windows ina swichi nyingine iliyojificha, urithi wa enzi za Internet Explorer. Fungua regedit, programu ya kuhariri rejista, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Internet Settings, utafute GlobalUserOffline. Ikiwa ni 1, ibadilishe iwe 0. Isipokuwepo kabisa, hakuna tatizo hapo. Kabla ya kugusa chochote kwenye rejista, bofya kulia kwenye folda husika na uchague 'Export' ili uwe na nakala ya kurudishia.

Sasa tuje kwa mfumo endeshi, ambako ndiko kosa la kweli hujificha mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Windows 10 na 11 hujipima zenyewe kama zina intaneti. Zinaomba faili dogo kutoka http://www.msftconnecttest.com/connecttest.txt na kutarajia jibu la maneno matatu tu: Microsoft Connect Test. Pia zinauliza DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, jina dns.msftncsi.com, na jibu linalotakiwa ni 131.107.255.255. Jaribio hili likishindwa, alama ya mtandao karibu na saa hugeuka kuwa ile ya kukosa intaneti, na programu za Office huiamini alama hiyo hata kama kila kitu kingine kinafanya kazi.

Kwa nini lishindwe wakati intaneti ipo? Sababu ninazoziona kuwa za kawaida ni hizi: kichujio cha matangazo kwenye ruta au seva ya DNS kilichoziba majina ya Microsoft, faiawoli iliyowekewa masharti makali, faili la hosts (orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta) lililojazwa mistari ya kuzuia ufuatiliaji, au zile programu za 'kulinda faragha' zinazozima kipimo hiki bila kumweleza mtu matokeo yake. Hizi za mwisho nina ugomvi nazo. Zinakata mshipa kisha mwenye kompyuta anailaumu Outlook.

Usipime kwa kivinjari peke yake. Kivinjari kinaweza kuwa na DNS yake iliyosimbwa au proksi yake (seva ya kati inayopitisha maombi), kikapita mahali ambapo Windows yenyewe imezibwa. Tumia PowerShell, dirisha la amri la Windows:

Invoke-WebRequest -UseBasicParsing http://www.msftconnecttest.com/connecttest.txt

nslookup dns.msftncsi.com

Get-NetConnectionProfile

Amri ya kwanza ilete yale maneno matatu. Ya pili ilete ile anwani ya 131. Kwenye ya tatu, angalia mstari wa IPv4Connectivity: ukisema Internet, Windows imeridhika na tatizo liko kwingine, ukisema LocalNetwork au NoTraffic wakati kurasa zinafunguka, umempata mwongo wako.

Hapo rudi regedit, HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\NlaSvc\Parameters\Internet. Thamani ya EnableActiveProbing inatakiwa iwe 1. Angalia pia HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\NetworkConnectivityStatusIndicator. Kukiwa na NoActiveProbe yenye 1, kipimo kimezimwa kwa sera. Kwenye kompyuta ya kazini usiifute kimyakimya, muulize anayesimamia mfumo, kwani sera itarudi yenyewe hata ukiifuta. Ukimaliza kubadilisha, washa kompyuta upya.

Proksi nayo ina lake. Andika netsh winhttp show proxy. Kama hutumii proksi, jibu linalotakiwa ni 'Direct access'. Ukiona anwani usiyoitambua, mara nyingi ni mabaki ya programu iliyokwisha kuondolewa. Fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike netsh winhttp reset proxy. Wala si jambo la kubuni kwamba Windows yenyewe inaweza kukosea hapa. Mapema 2020 sasisho la Windows 10 lilileta hitilafu iliyofanya kompyuta zenye proksi, hasa zinazotumia VPN (njia iliyosimbwa ya kuunganika na mtandao mwingine), zionyeshe hazina intaneti, na Outlook na Teams zikakwama nazo. Microsoft ililazimika kutoa sasisho la dharura mwishoni mwa Machi mwaka huo.

VPN ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu hata ikiwa imekatwa, adapta yake ya kubuni inaweza kubaki na DNS isiyofikika. Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, kisha zima kwa muda adapta zote ambazo si Wi-Fi wala waya unaoutumia. Outlook ikirudi mtandaoni papo hapo, huna haja ya kuendelea kutafuta. Thunderbird nayo husikiliza adapta zikiwaka na kuzima, na VPN inayopandapanda inaweza kuifanya ijitoe mtandaoni bila sababu. Dawa yake iko kwenye Settings, sehemu ya 'Network & Disk Space', kwenye mipangilio ya 'Offline': ondoa tiki kwenye kufuata hali ya mtandao iliyotambuliwa, kisha chagua ianze mtandaoni kila mara. Ukipenda njia ya moja kwa moja, fungua Config Editor chini ya ukurasa wa General na uweke offline.autoDetect kuwa false.

Kama mfumo umeridhika na swichi ziko sawa, imebaki seva. Ping, amri ya kuuliza kama seva ipo, haitoshi: seva nyingi haziijibu, na hata zikijibu haikuambii kama mlango wa barua uko wazi. Pima mlango wenyewe, ukiweka jina la seva yako:

Test-NetConnection imap.example.com -Port 993

Tafuta TcpTestSucceeded : True. Mlango wa 993 ni wa IMAP iliyosimbwa (barua hubaki kwenye seva), 995 ni wa POP (barua hushushwa kwenye kompyuta), na kutuma hutumia 465 au 587. Ukipata False kwenye Wi-Fi hii lakini True ukitumia intaneti ya simu, anayeziba ni mtandao ule, si kompyuta.

Ikiwa ni True na bado programu haiingii, angalia saa na tarehe ya kompyuta, kwani cheti cha usalama hukataliwa tarehe ikiwa imeenda mbali. Kisha zima kwa dakika chache kipengele cha antivairasi kinachokagua barua, kwa maana hujiweka katikati ya programu na seva na kutumia cheti chake chenyewe.

Nenosiri ni jambo jingine linaloweza kujificha nyuma ya neno 'Disconnected'. Microsoft ilianza kuzima kwa lazima uingiaji wa jina na nenosiri pekee kwenye Exchange Online, huduma yake ya barua kwa mashirika, mnamo 1 Oktoba 2022, na kwa akaunti binafsi za Outlook.com mnamo 16 Septemba 2024. Google nayo imeufunga mlango huo. Programu ya zamani isiyojua OAuth2 (kuingia kupitia dirisha la mtoa huduma mwenyewe) haitaingia, hata nenosiri liwe sahihi herufi kwa herufi. Kwenye Thunderbird badilisha 'Authentication method' kuwa OAuth2, kwa seva ya kupokea na ya kutuma, na uhakikishe vidakuzi vimeruhusiwa, la sivyo dirisha la kuingia halitakamilika. Kwa Gmail unaweza pia kutumia nenosiri la programu lenye herufi 16, ikiwa umewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Na ukiwa na vifaa vingi kwenye akaunti moja, kumbuka Gmail huruhusu miunganisho 15 ya IMAP kwa wakati mmoja, na Thunderbird moja peke yake inaweza kushika mitano.

Programu jalizi, zile nyongeza za Outlook, hujaribiwa haraka: Windows na R, kisha outlook.exe /safe. Ikiingia mtandaoni hivyo, zima jalizi moja baada ya nyingine.

Profaili mpya iwe ya mwisho. Fungua Control Panel, Mail, 'Show Profiles', 'Add', na usifute ile ya zamani mpaka mpya ifanye kazi. Faili la OST (nakala ya barua iliyo kwenye kompyuta) la akaunti ya Exchange au IMAP hujengwa upya kutoka kwenye seva, ila vilivyokuwa kwenye kompyuta tu havitarudi: barua zilizokwama kwenye Outbox, rasimu ambazo hazijapanda, na folda zilizoandikwa 'This computer only'. Zinakili kwanza. Faili la PST la akaunti ya POP usiliguse kabisa, maana huenda ndilo nakala pekee ya barua zako.

Programu ikisharudi mtandaoni, chungulia Outbox. Barua uliyoifungua wakati ikisubiri haitaondoka yenyewe kwenye Outlook. Ifungue tena na ubonyeze Send. Kwenye Thunderbird nenda menyu ya File, 'Send Unsent Messages'. Barua ikibaki hapo wakati nyingine zinaondoka, angalia ukubwa wa kiambatisho chake.