Geti la Mama na kikombe cha mchele

Geti tuliliagiza kwa fundi wa kuchomelea pale Pasua. Bati nene, komeo mbili kwa ndani, sehemu ya kufuli kubwa. Tulichanga sisi watoto wanne, baada ya wezi kuingia nyumbani Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro, Septemba 2021 wakaondoka na magunia mawili ya kahawa, bomba la kupulizia dawa na betri ya sola. Mama alikuwa amelala, hakusikia kitu. Kaka akaandika kwenye grupu la familia, "Wakirudi watamkuta yeye," na usiku huo hakuna aliyelala. Wiki tatu baadaye geti likapanda mlimani kwenye kenta ya mchanga, pamoja na matofali ya ukuta wa mbele na chupa za kuvunjia juu yake.

Ili ukuta ukae, mafundi walikata masale. Kwa asiye wa huku kwetu: isale ni mmea wa majani marefu, unaota wima, na ndio mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, tangu enzi za mababu. Ukimkosea mtu sana unampelekea jani la isale, na akishaletewa jani ni vigumu mno kwake kukataa kusamehe. Yale ya kwetu aliyapanda babu. Upande wa jirani yalikuwa na upenyo, umesuguliwa na miguu mpaka udongo ukang'aa, kwa sababu ndipo tulipopita kwenda kuomba moto, chumvi, kikapu. Nao ukazibwa kwa matofali. Mama aliangalia vile visiki akasema, "Haya, mmeshakata." Hakusema lingine.

Aprili mwaka huu, katikati ya masika, saa mbili usiku alitoka kumwongezea ng'ombe majani akateleza mlangoni pa zizi. Mguu ukavunjika juu ya kifundo. Simu ilikuwa ndani kwenye chaji. Aliita, lakini mvua ilikuwa inapiga bati na ukuta uko palepale. Alijikokota mpaka chini ya dari ya zizi akalala kwenye majani, ubavuni mwa ng'ombe. Jirani yetu, ambaye sisi tunamwita mama mdogo ingawa si wa damu, alfajiri akasikia ng'ombe analia kwa kutokamuliwa. Akaja, akagonga geti. Komeo zilikuwa zimefungwa kwa ndani, kama tulivyomfundisha sisi wenyewe. Kijana wake aliruka ukuta, chupa zikamchana kiganja. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama alikuwa chini kwa saa kumi na nusu, na aliyemtenga na watu si mwizi.

Nilipokaa naye wodini, kitu kilichonirudia kichwani ni kikombe.

Mwaka 2017 nilikuwa Indonesia nasoma shahada ya pili Yogyakarta, kisiwani Java, nikaenda kukaa wiki sita kwenye kitongoji kimoja cha wilaya ya Sleman, mteremko wa kusini wa mlima Merapi. Mlima ule urefu wake ni karibu nusu ya Kilimanjaro, lakini wa kwao uko macho, unafuka moshi. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, niliyemwita Bu kama wanavyomwita wote, naye akaniita Mbak, yaani dada. Kwenye nguzo ya baraza yake palining'inia kikombe cha plastiki, kile cha maji ya dukani kilichokatwa. Kila jioni alitia humo mchele, kiasi cha konzi ndogo. Usiku wa manane nikasikia miguu, minong'ono, na mchele ukimwagwa kwenye mfuko. Asubuhi kikombe kitupu.

Wanakiita *jimpitan*. Wanaume wa kitongoji wana zamu ya doria, *ronda*, na walinzi wa zamu hupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Mchele huuzwa au hupewa mwenye shida, na sehemu nyingine siku hizi watu huweka sarafu. Kwenye kibanda chao huning'inia *kentongan*, kipande cha mwanzi au gogo lililochimbwa ndani, na mapigo yake yana maana: mawili mawili ni mwizi, matatu matatu ni moto. Bu alinifundisha kwa kugonga meza. Lakini nilipomuuliza kama konzi ya mchele inatosha kitu, alinijibu kwamba kazi ya mchele ni kuwafanya wafike mlangoni. Kikombe kisipotiwa kitu usiku wa kwanza, wanapita. Usiku wa pili wanagonga.

Nisiseme kule hakuna wezi. Pikipiki zinaibwa, na ndiyo maana jioni kila nyumba inaingiza pikipiki yake sebuleni, ikalala katikati ya viti. Mara ya kwanza nilishangaa, halafu nikakumbuka msonge wa Kichagga wa zamani, watu na ng'ombe ndani ya nyumba moja. Kila mtu analala karibu na kile asichoweza kukipoteza.

Na hapo ndipo pagumu, kwa sababu sisi watoto tulikuwa tunamwambia Mama jambo jepesi: shuka uje Moshi mjini ukae na mimi. Jibu lake miaka yote ni moja, "Ng'ombe nitamwachia nani?" Nilikuwa naliona ni kisingizio. Merapi ilipolipuka Oktoba na Novemba 2010 walikufa watu zaidi ya 350. Kati ya waliohamishwa wapo waliokuwa wakitoka kambini na kupanda tena mchana kwenda kukata majani na kulisha mifugo, huku mlima unanguruma, mpaka serikali ikalazimika kuahidi kununua ng'ombe ili watu wabaki chini. Kaka yake Bu alikuwa mmoja wa waliokuwa wakipanda. Alirudi salama. Nilimuuliza alikuwa anafikiria nini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. Baadaye vijiji vilivyoungua vilijengewa makazi mapya chini, na karibu na baadhi yake wakajenga mazizi ya pamoja. Watu wanalala chini, mchana wanapanda kulima mashamba yao ya zamani. Aliyepanga vile alikuwa ameelewa kwamba huwezi kumwokoa mtu ukamwacha ng'ombe wake. Mimi nililiona hilo kwa macho yangu, nikarudi nyumbani, na bado nikachangia geti.

Kuna jambo lingine la kule nalitunza. Mipaka yao mingi ina vigingi vya zege, kwa sababu serikali inapima na kutoa vyeti vya ardhi kwa wingi. Lakini kwenye kona ya uwanja wa Bu ulisimama mmea wa majani marefu, mwekundu, wanauita *andong*, na babu zao waliutumia kuonyesha mpaka. Niliugusa nikasema huu ni isale. Si isale, ni mwingine, ila ungeuweka Kibosho usiku hakuna ambaye angeuliza. Nyumba ile Bu aliirithi kwa wazazi wake. Kwa desturi ya Kijava binti anarithi, na wapo wanaopima kwa mizigo: mwanamume hubeba miwili kwa mti begani, mwanamke mmoja mgongoni, basi mmoja wa binti haupotei. Kwetu kihamba kinamsubiri mtoto wa mwisho wa kiume, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Mama hana karatasi yoyote yenye jina lake. Ana miaka 71 na ardhi ile ameitia samadi tangu aolewe. Nimeshaenda ofisi ya kijiji mara mbili kuulizia hatimiliki ya kimila, na nitaenda ya tatu.

Alipotoka hospitali tulikaa kikao barazani. Kaka alitaka mlinzi wa kulipwa. Mimi nikaeleza habari ya kikombe na doria. Balozi, mzee aliyemjua babu, akasikiliza mpaka mwisho kisha akatuhesabia kwa vidole: katika nyumba zake kumi, tatu analala bibi peke yake, na vijana wa kushika zamu wako Moshi, Arusha na Dar. "Doria ya nani, mwanangu?"

Mama ndiye aliyekata shauri. Akaagiza komeo za ndani zing'olewe na ufunguo wa pili akae nao mama mdogo. Ukuta wa upande wa jirani ubomolewe pale palipokuwa na upenyo. Kisha akamwita mjukuu wa mama mdogo, wa darasa la tano, akampa kazi: kila alfajiri aje achukue lita moja ya maziwa ya kwao, na kila jioni kabla ya saa mbili arudishe kidumu. "Usikiweke chini ukaondoka. Unipe mkononi."

Visiki vya masale vimechipua vyenyewe, tumeongezea miche sita. Doria bado haipo, na lile suala la bibi wengine wawili linaninyima usingizi. Mama mdogo anasema mmoja wao anaweza kuunganishwa kwenye njia ya yule mtoto, mwingine yuko ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji, mbali.

Jumapili iliyopita nilipanda bila kupiga simu. Nikakuta geti limerudishiwa tu, zizi limefagiliwa, nyumba kimya. Moyo ukaruka. Halafu nikasikia fimbo yake ikigonga jiwe upande wa pili wa masale, na sauti yake akimgombeza mtu kuhusu chumvi kwenye mtori. Nikapita pale penye upenyo. Udongo wake umeanza kung'aa tena.